Kuficha Bloku, Kuficha Ushahidi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo wazi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa utume, na ziwafikie jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.



Darsa hii niliitoa kwanza kwa wenzangu wa jumuiya hapa Kamembe baada ya swala ya Alasiri, na baadhi yao wakaomba iandikwe. Inahusu uchimbaji wa sarafu za mtandaoni, na hasa uchimbaji wa hila. Wapo miongoni mwetu wanaosoma kompyuta, na mashine zao zinachimba usiku wenyewe wakiwa wamelala. Wapo pia ambao neno lenyewe ni geni kwao. Wale wa kompyuta wanivumilie ninapoeleza wanayoyajua, maana mimi ni mwanafunzi wa dini na wao walinivumilia waliponieleza mara tatu.

Naanza na hadithi aliyoisimulia Hakim bin Hizam (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja mauziano maadamu hawajaachana. Wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Tazameni jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoweka mambo mawili kila upande. Upande mmoja kuna kusema kweli, na kando yake kubainisha. Upande wa pili kuna uongo, na kando yake kuficha. Kama kusema kweli peke yake kungetosha, la pili lisingetajwa. Mtu anaweza kuwa hajasema hata neno moja la uongo, na bado akawa amefanya ghushi kwa kuficha tu. Mlikumbuke hilo, maana ndilo tutakalolikuta ndani ya mashine.

Sasa, uchimbaji ni nini? Bitcoin haina benki. Ina daftari. Daftari hilo limenakiliwa katika maelfu ya kompyuta duniani, kila mwenye nakala anaona nani amemlipa nani, na kila baada ya dakika kumi hivi linaongezwa ukurasa mmoja, ambao ndio huitwa bloku. Nani aandike ukurasa unaofuata? Anayetaka huipa kompyuta yake kazi ya kujaribu namba, mabilioni kwa mabilioni, mpaka ipatikane moja inayokubaliana na sharti lililowekwa. Kuipata ni kazi ngumu inayokula umeme; kuikagua ikishapatikana ni kazi ya kufumba na kufumbua. Ndiyo maana wanaiita uthibitisho wa kazi. Aliyeipata hutangaza ukurasa wake, wengine hukagua, wanaupokea, naye hulipwa. Mwaka 2009 malipo yalikuwa bitcoin 50 kwa bloku. Tangu Aprili 2024 ni 3.125. Halafu wote wanahamia kwenye ukurasa unaofuata.

Wakati mwingine watu wawili hupata namba kwa wakati mmoja, na daftari likawa na matawi mawili. Kanuni inasema tawi lililobeba kazi kubwa zaidi ndilo la kufuatwa. Lile jingine linatupwa, na aliyelitolea jasho halipwi hata senti. Mlishike na hili.

Msidhani hizi ni habari za Marekani na China tu. Kaskazini yetu, ng'ambo ya Ziwa Kivu na zaidi, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 pale Luviro, wilaya ya Lubero, kwa umeme wa maporomoko. Kompyuta zimepangwa ndani ya makontena kando ya mitambo ya maji, na hifadhi iliyokosa watalii kwa sababu ya vita, Ebola na korona ikapata fedha za mishahara ya askari wake. Kenya kuna kampuni ya Gridless iliyoanzishwa 2022, inayopeleka mashine kwenye mitambo midogo ya umeme vijijini, ili umeme usio na mnunuzi usipotee bure. Nasi watu wa Rusizi hatuhitaji kufundishwa thamani ya maji yanayoshuka. Mto wetu unazungusha mitambo tangu mwisho wa miaka ya 1950, na bwawa la Rusizi ya Pili tunalimiliki pamoja na Burundi na Kongo kupitia SINELAC. Nchi tatu, mto mmoja, mita moja ya kuhesabu. Shirika la namna hiyo haliendi bila daftari ambalo kila mshirika analiamini.

Na daftari ni jambo la dini yetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, haizungumzii swala wala hija. Inazungumzia deni: liandikwe, mwandishi awe muadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika hata likiwa dogo. Aya inayofuata, ya 283, inakataza kuficha ushahidi, na inasema anayeuficha moyo wake una dhambi. Baadhi ya wafasiri waliuliza, kwa nini moyo? Kwa nini usitajwe ulimi au mkono? Wakajibu kwamba kuficha ni tendo la moyo. Mwongo ulimi wake unamshuhudia. Mwizi mkono wake umeshika. Lakini aliyenyamaza na ukweli alionao, alama iko wapi? Iko mahali ambapo Allah peke yake anaangalia.

Turudi kwenye Bitcoin. Aliyeibuni kwa jina la Satoshi Nakamoto alitoa waraka wake tarehe 31 Oktoba 2008. Hakusema kwamba mfumo wake hauhitaji watu waaminifu, ingawa vijana wengi wa mitandaoni wanatuambia hivyo: kwamba hesabu imechukua nafasi ya amana. Waraka unasema usalama upo maadamu sehemu kubwa ya nguvu za kompyuta iko mikononi mwa waaminifu. Tena alitarajia kwamba hata mwenye tamaa aliyekusanya nguvu nyingi angeona faida zaidi kufuata kanuni kuliko kuuharibu mfumo unaomlisha. Kwa hiyo watu walishika hesabu moja kichwani: nusu. Asiyefikia nusu hawezi kutudhuru.

Ikakaa hivyo miaka mitano. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Ittay Eyal na Emin Gün Sirer, wakaonyesha kwamba nusu si kinga. Na silaha waliyoieleza haikuwa uongo. Ilikuwa kuficha.

Nieleze kwa mfano wa darasa. Mwalimu ametoa maswali yanayofuatana, huwezi kuanza la pili bila kuwa na jibu la kwanza, na kanuni ya darasa ni kwamba anayepata jibu analiandika ubaoni papo hapo, analipwa, kisha wote wanaendelea na swali la pili pamoja. Sasa kikundi kimoja kimepata jibu la kwanza. Kinanyamaza. Darasa zima linaendelea kutoka jasho juu ya swali la kwanza, huku wao wameshaingia la pili. Wakipata na la pili, wananyamaza tena. Mwanafunzi mmoja wa upande ule akifika ubaoni na jibu lake la kwanza, amefurahi, wao wanasimama na kubandika majibu mawili kwa mpigo. Kanuni inasema kazi kubwa zaidi ndiyo ya kufuatwa. Jibu la yule maskini linafutwa. Lilikuwa sahihi, alilifanyia kazi kweli, alilipia umeme, na limefutwa.

Mbinu hiyo Eyal na Sirer waliiita uchimbaji wa kibinafsi, kwa maana ya ubinafsi. Hesabu yao inatisha kwa utulivu wake. Kikundi chenye zaidi ya theluthi moja ya nguvu zote kinapata faida kwa kuficha hata kama mtandao haukipendelei kabisa pale matawi yanapogongana. Kikiweza kuufanya mtandao umfuate yeye katika nusu ya migongano hiyo, robo inatosha. Wenzangu walinifanyia hesabu kwa ile hali ya kwanza: mwenye asilimia 40 ya nguvu akificha kwa mpango huu anapata karibu asilimia 48 ya malipo yote, na mwenye asilimia 30 akijaribu anaishia na 27. Huyu wa pili amejidhuru. Yule wa kwanza asilimia nane zile hazikutoka mbinguni. Zimetoka kwa waliotangaza kazi yao kwa wakati.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo wengi hulipita. Anayeficha hapati zaidi siku ile ile. Mwanzoni naye anapoteza, kwa sababu baadhi ya bloku zake zinatupwa pia. Faida inakuja baadaye, kwa kuwa mtandao hupima ugumu wa kazi kila baada ya bloku 2016, kama wiki mbili hivi. Kwa sababu kazi nyingi imetupwa, mtandao unadhani wachimbaji wamepungua, unalegeza sharti, na hapo yule mwenye fungu lililoongezeka ndiye anayevuna. Yaani anakubali kuumia kidogo ili mwenzake aumie sana, akijua mizani itarekebishwa kwa faida yake. Katika fiqhi tunasoma kanuni inayokataza kumdhuru mwenzako, na mimi sijaona madhara yaliyopangwa kwa kalamu na karatasi kama haya.

Tena kulithibitisha kwa macho ni vigumu. Bloku iliyochelewa kwa sababu ya mtandao mbovu na bloku iliyofichwa makusudi zinafanana zikifika. Wachunguzi wanabaki kuhesabu mapengo na kushuku. Hapa nilikumbuka neno la wale wafasiri kuhusu moyo.

Sasa naijua hoja itakayokuja, kwa sababu imeshaletwa kwangu. "Sheikh wangu mtarajiwa," aliniambia ndugu mmoja, "kanuni za mtandao hazisemi popote kwamba lazima utangaze bloku yako dakika hiyo hiyo. Programu inakubali. Basi dhambi iko wapi? Ni akili tu."

Nikamwambia twende kwa wavuvi. Sisi hapa tunakaa karibu na ziwa, tunawaona wavuvi wa sambaza wakitoka jioni na taa zao. Qur'ani katika Suratul-A'raf aya ya 163 inataja mji uliokuwa kando ya bahari, watu wake wamekatazwa kuvua siku ya Sabato, na samaki walikuwa wakiwajia siku hiyo hiyo waziwazi, siku nyingine hawaji. Katika tafsiri imepokewa kwamba walitega Ijumaa, samaki wakanasa Jumamosi, wao wakaja kuwachukua Jumapili. Ukiwauliza, hakuna aliyevua Sabato. Kila mmoja angeapa. Mkono wake haukugusa wavu siku ile. Na mnajua yaliyowapata. Sheria waliitii kwa herufi na kuivunja kwa makusudio, na Mola wao hakuwahukumu kwa herufi. Ndugu yangu anayesema "programu inakubali", huo ndio wavu wa Ijumaa.

Lakini nisije nikazidisha. Si kila kunyamaza ni dhambi, na tukisema hivyo tutawafungia watu biashara. Mama anayevusha nyanya kwenda Bukavu hana wajibu wa kumwambia jirani yake ni mteja gani wa Nyawera anayemlipa vizuri. Fundi hana wajibu wa kufundisha siri ya ufundi wake. Mstari uko wapi? Nimelifikiria, na kwa elimu yangu ndogo naona hivi: ukimya unakuwa ghushi pale unapomfanya mwenzako, anayekuamini kwa haki, aendelee kulipia kitu ambacho wewe unajua kimeshakufa. Mteja wako wa Nyawera ni riziki yako. Lakini jirani akikuuliza bei ya leo ili anunue mzigo wa faranga laki moja, nawe unajua soko limefungwa, ukanyamaza ili wewe ununue mzigo wake kesho kwa bei ya kutupa, hiyo ni habari nyingine. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alikataza kuupokea msafara nje ya mji kabla wenye bidhaa hawajaijua bei ya soko. Anayeupokea hasemi uongo. Anategemea wasichokijua.

Wathila bin al-Asqa' (R.A.), mmoja wa masahaba, alikuwa amesimama sokoni mtu akauza ngamia kwa dirhamu 300. Yeye alikuwa ameghafilika kidogo, mnunuzi akaondoka. Alipozinduka akamkimbilia akimwita, akamuuliza: umemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Akasema kwa kupanda. Akamwambia kwato lake lina tundu, hatastahimili safari ndefu. Mnunuzi akarudi, muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100, akamlaumu Wathila kwamba amemharibia biashara. Wathila akajibu kwamba walimpa Mtume ahadi ya utiifu juu ya kumnasihi kila Muislamu. Mtazameni: ngamia si wake, pesa si zake, na alikimbia. Mchimbaji anayeificha bloku amekaa kimya na ngamia ni wake mwenyewe.

Iko namna nyingine ya hila, ndogo, na hii inatugusa zaidi kwa sababu sisi hatuna theluthi ya nguvu za dunia. Mtu mmoja na kompyuta yake hawezi kupata bloku peke yake kirahisi, kwa hiyo watu hujiunga katika makundi ya uchimbaji. Kila mwanachama anatuma ushahidi mdogo mdogo wa kazi anayoifanya, na siku mmoja wao akipata namba kamili, kundi linalipwa na wote wanagawana kwa kadiri ya kazi. Kifiqhi ni shirika. Sasa yuko mwanachama anayetuma ushahidi mdogo ili ahesabiwe kuwa amefanya kazi, ila akiipata namba kamili anaitupa. Anakula fungu la wenzake na hawaletei kitu. Mwaka 2014 kundi la Eligius lilipoteza kama bitcoin 300 kwa hila hiyo. Atakayeuliza aliyefanya hivyo alifaidika nini, jibu ni kwamba wakati mwingine anataka tu kundi shindani lidhoofike. Katika Abu Dawud imepokewa hadithi kwamba Allah yu pamoja na washirika wawili maadamu mmoja wao hajamfanyia mwenzake hiyana. Akifanya, Yeye hutoka kati yao. Sijui mwanafunzi wa Kiislamu anawezaje kuisoma hadithi hiyo kisha akaingia shirikani akiwa na programu ya kutupa namba.

Na hila kubwa, ile ya kushika zaidi ya nusu? Hiyo si nadharia. Mei 2018 sarafu ya Bitcoin Gold ilishambuliwa: washambuliaji wakalipa mahali pa kubadilishia fedha, wakachukua walichokinunua, kisha wakatoa tawi refu walilolichimba kwa siri ambamo malipo yale hayakuwahi kutokea. Zikapotea sarafu za thamani ya dola milioni 18 hivi. Ethereum Classic ikapigwa Januari 2019, na tena mara tatu mwezi Agosti 2020. Hapa ni wizi mtupu, na hauhitaji khutba ndefu. Ila angalieni kwamba hata huo unaanzia pale pale, kwenye tawi lililofichwa.

Nimefika kwenye lililonifanya niandike. Iko sarafu iitwayo Monero, ambayo imetengenezwa makusudi ichimbwe na kompyuta za kawaida kama hizi zetu za masomoni. Ndiyo wanayoichimba wenzetu wengi. Mwaka 2025 mradi uitwao Qubic, unaoongozwa na Sergey Ivancheglo, uliwaalika wachimbaji wa Monero wajiunge nao kwa malipo makubwa kuliko makundi mengine. Hawakuficha nia: walisema wazi kwamba wanataka kushika nguvu nyingi, na kwamba wangezuia bloku zao kwa mbinu hii niliyoieleza. Agosti walitangaza kwamba wamepita nusu. Watafiti walibisha kwamba hawakufika, lakini bloku sita za daftari ziliandikwa upya, na soko la Kraken likasimamisha kwa muda kupokea Monero. Tarehe 14 Septemba zikafutwa bloku 18 kwa mpigo. Watumiaji wa Monero huambiwa wasubiri bloku 10 ndipo waitumie pesa waliyoipokea, wakiwa salama. 18 ni zaidi ya hapo. Miamala zaidi ya mia ya watu waliodhani wameshalipwa ikabatilika.

Nani aliyefanya hayo? Ivancheglo peke yake hana kompyuta hizo zote. Zilikuwa za maelfu ya watu wadogo, kila mmoja na mashine yake moja au mbili, waliovutwa na malipo mazuri. Wengi hawakuandika mstari wa programu, hawakuchagua bloku ya kuficha, na pengine hawakuuliza. Walipokea tu fungu lao. Suratul-Maida aya ya pili inaamuru kusaidiana katika wema na uchaji, na inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Neno ni kusaidiana. Mkono wako unaweza kuwa mdogo sana katika kazi ile, lakini Mtume (S.A.W.) katika riba hakumlaani mlaji peke yake, aliwataja na mlipaji, mwandishi na mashahidi, akasema wako sawa.

Kwa hiyo ndugu anayechimba, kabla ya kuuliza kundi fulani linalipa kiasi gani, uliza kwa nini linalipa zaidi ya wengine. Wachimbaji wote wanafukuzia malipo yale yale. Ziada inatoka mahali. Uliza kama kundi linatangaza bloku mara tu zinapopatikana. Hilo mara nyingi limeandikwa au limejadiliwa hadharani na wanaolifuatilia, na kijana anayeweza kusakinisha programu ya kuchimba hawezi kuniambia hawezi kulitafuta. Angalia pia ukubwa wake. Juni 2014 kundi la GHash.io lilipogusa nusu ya nguvu za Bitcoin, baadhi ya wachimbaji walijitoa kwa hiari yao wakahamia makundi madogo, ingawa halikuwa limethibitika kuwaibia wao. Hawakuwa Waislamu kwa wingi, kwa nijuavyo, na walifanya jambo ambalo faqihi angelifurahia: walifunga mlango kabla ya uovu kupita.

Umeme na kompyuta ni vya nani? Hili sitalirefusha. Kompyuta ya maabara imewekwa kwa masomo. Anayeiachia programu ya kuchimba usiku bila idhini ameshachukua cha watu, hata kama anachimba kwa uaminifu wa Wathila.

Kuhusu sheria ya nchi, Benki Kuu ya Rwanda imewaonya wananchi juu ya sarafu hizi, na rasimu ya sheria ya mali za kidijitali iliyowekwa hadharani mwaka 2025 ilipendekeza kuzuia uchimbaji kabisa. Fuatilieni sheria inasemaje siku mnayosoma haya. Na wanaotumiwa ujumbe wa simu kwamba waweke faranga zao kwa MoMo "zichimbwe" na mtu wasiyemuona, wasidhani hiyo ni mada ya darsa hii. Pale hapachimbwi kitu. Wauganda waliopoteza pesa zao kwa Dunamiscoins mwishoni mwa 2019 hawakuibiwa na hesabu yoyote; ofisi ilifungwa tu, wenyewe wakatoweka.

Mtaniuliza: je, sarafu zenyewe ni halali? Wanazuoni wametofautiana. Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa ya kuzikataza mwanzoni mwa 2018. Wengine wameziruhusu kwa masharti. Mimi niko shahada ya kwanza, na mwenye kutoa fatwa akiwa shahada ya kwanza aogopeni. Muulizeni mufti. Ninachosema hakitegemei jibu hilo, kama vile kupunja mizani ni haramu hata kabla hujauliza kilichomo ndani ya gunia.

Dada mmoja aliuliza swali zito kuliko yote. Alisema, mtu aliyekwisha kula fungu kutoka kundi la namna hiyo bila kujua, sasa amejua, afanye nini? Nililipeleka kwa mwalimu wangu. Akasema aliyeingia bila kujua hana dhambi ya asichokijua, lakini tangu siku aliyojua hesabu inaanza: aizime mashine, ajitoe kwenye kundi. Akatwambia pia kanuni inayojulikana kwa wanazuoni, kwamba mali iliyopatikana kwa haramu kama mwenyewe anajulikana hurudishwa kwake, na kama hajulikani wala hapatikani hutolewa kwa masikini bila kutarajia thawabu ya sadaka, maana hujatoa chako. Wachimbaji waliofutiwa bloku zao Septemba ile hawana majina wala anwani. Dada akauliza tena, basi nitajuaje ni kiasi gani? Mwalimu akamwambia akadirie kwa uaminifu, na akiwa na shaka azidishe, asipunguze. Akaondoka kwenda kukokotoa.

Wabillahi at-tawfiq.